Pua ya Mama kwenye Lori la Baba

Pamba ikiungua pamoja na mpira hutoa harufu kali inayokaba koo, na mimi kila nikiisikia huwakumbuka wazazi wangu. Nilikulia Kisarawe miaka ya hamsini, kabla ya uhuru, na baba alikuwa na lori kuukuu la kubebea mihogo na nazi mpaka Maili Moja. Nyaya zake zilikuwa za zamani, zimevishwa mpira na nyuzi za pamba. Masika yakiingia zilinyonya maji, zikachubuka kwa kusuguana na bodi, zikapiga shoti. Baba alilitunza lori lile kuliko alivyojitunza mwenyewe. Jioni alichomoa waya wa betri, akaosha kwa maji ya moto ule unga mweupe unaoota kwenye vichwa vyake, akapaka grisi, kisha akazifunga nyaya zilizochubuka kwa utepe mweusi. Hata hivyo, lori halikuishiwa vituko.

Waya ukianza kuungua, moshi huja umechelewa. Harufu ndiyo hutangulia. Baba alikuwa mtu wa ugoro, na alimwambia kila mtu kwamba ugoro umeshaiua pua yake. Kwa hiyo alisafiri na mama. Mama alikaa mbele, kanga mabegani, na akisema asimame, baba alisimama hapohapo, akachomoa waya wa betri, akaingiza mkono chini ya dashibodi na kupapasa waya mmoja mmoja hadi akaugusa ule wenye moto. Niliyaona hayo mwenyewe, nimebanwa katikati yao, na pua ya mama haikukosea. Nilizipenda safari zile kuliko sikukuu. Walizungumza njia nzima kwa sauti ya chini, na baba, ambaye nyumbani maneno yake yalikuwa ya kuhesabu, alicheka mpaka akapaliwa.

Bibi, mama yake baba, hakupendezwa. Kwake, mke wa mtu kukaa mbele ya lori akitazamwa na watu wa Maili Moja ilikuwa aibu, tena shamba la mihogo lilikuwa limejaa magugu. Masika fulani alikata shauri: mama abaki nyumbani, na baba atafute utingo wa kumnusia. Baba hakuwa mtu wa kubishana na mama yake. Alisema tu kwamba utingo hawezi kunusa kama mkewe, akainamisha kichwa. Mama alizifua kanga zake za safari, akazikunja, akazifungia sandukuni. Mimi nililia.

Kesho yake Bibi alikuwa jikoni uani, amepalia wali wa nazi, nami namchambulia mchicha. Baba alikuwa mbele ya nyumba, chini ya lori. Bibi alinogewa na umbea wake akalisahau jiko. Sauti ya baba ikatufikia kutoka kule.

"Mama, wali unaungua huo."

Bibi akaepua sufuria haraka. Kisha akabaki na mwiko mkononi, anatazama kule sauti ilikotoka. Mimi niliyekaa kando ya jiko nilikuwa bado sijasikia harufu yoyote. Nilidhani atamuumbua, maana ulimi wa Bibi uliogopwa mtaa mzima. Lakini alijifuta macho kwa ncha ya kanga, akasema ni moshi. Baba alipokuja kula, alimpakulia ukoko wote, akamwambia bila kumtazama, "Kesho uende na mkeo. Gari lisije likakuungulia njiani. Magugu tutapalilia mimi na huyu."

Huyu nilikuwa mimi, na safari zangu zikaishia hapo.

Siku hizi mwanangu ana gari lenye taa ndogo nyekundu ya kumwambia betri ina nini. Sina ugomvi nalo, halijamlaza njiani hata mara moja. Lakini kila Jumapili anapokuja kunijulia hali hapa Mkuza, huja peke yake. Juzi nikamwambia gari lake linanuka waya. Akafungua boneti, akanusa huku na huku, akasema hasikii kitu.

"Ndiyo maana," nikamwambia. "Jumapili uje na mkeo."