Wiki Sita Alizoniomba Mwalimu wa Hesabu

Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, niliona kwenye kundi letu la simu la wazazi wa zamani wa shule ya Msowero kwamba yule mwalimu wetu wa hesabu amefariki dunia huko Mikumi, na kwamba mwili utaletwa kwao Mabwerebwere kuzikwa alasiri ya siku hiyo hiyo. Chini ya taarifa ile watu walipanga vikono vya dua, wakaandika innalillahi kwa mkato, kisha mmoja wetu akauliza nani anauza mbegu za alizeti, na mazungumzo yakahamia huko. Niliivaa kanzu yangu nikaenda. Tulikuwa wachache, na wengi wetu tulikuwa na mvi. Kabla hatujatawanyika, kijana mmoja kutoka ofisi ya elimu alisoma wasifu wa marehemu, akasema mwalimu alikuwa mstari wa mbele katika kuinua ufaulu. Nilitazama viatu vyangu. Ufaulu huo ndio uliotumika kumtoa darasani, na mimi nilikuwa mmoja wa waliomtoa. Miaka yote hii nimeandika safu hii nikiwasema wakurugenzi, madiwani na wenye mabasi, lakini hilo sijawahi kuliandika.

Marehemu alikuwa mjukuu wa kibarua wa reli, mmoja wa wale waliokuja Kilosa kutoka mbali wakaoa, wakalima na kusahau kurudi. Alikuwa mrefu, mwenye shati lililochakaa kola, na hakuwa na haraka na jambo lolote. Mimi wakati ule nilikuwa nimehamia Msowero kulima ufuta, na binti yangu alikuwa darasa la saba kwake. Aliniita Mwandishi, kwa kunitania, maana alisema hajawahi kuona mtu analipwa kwa kulalamika. Mada aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ulinganifu na mageuzo ya maumbo: umbo likitazamwa kwenye kioo linakuwaje, likizungushwa linakuwaje, likisogezwa bila kugeuzwa kinabadilika nini. Walimu wengi mada hiyo huimaliza kwa siku moja. Huchora mraba ubaoni, hupiga mistari minne, watoto wananakili, ubao unafutwa. Wala siwalaumu sana, kwa sababu kwenye mtihani ilikuwa haitoi zaidi ya swali moja, na mwaka mwingine haitoi kabisa.

Yeye aliipa wiki tatu. Alikwenda kijiweni kwa vijana wa bodaboda kuomba vioo vya pembeni vilivyovunjika, nao wakamwambia, "Mwalimu, ukijiona umezeeka humo usitulaumu sisi." Akavisugua kingo kwa jiwe visikate watoto, akagawa kimoja kwa kila kikundi. Aliwaagiza waandike neno kutoka juu kwenda chini, herufi moja chini ya nyingine, kisha wasimamishe kioo katikati ya herufi waone kama neno litabaki lilivyo. MTAMA ilibaki. MAUA ilibaki. Binti yangu alirudi nyumbani akijaribu majina ya ukoo mzima, akalia kwa hasira kwamba MIKUMI imeharibiwa na herufi moja tu. Nilifurahi kumwona hivyo, nakiri. Nilifurahi kwa siku mbili tatu, kisha nikamuuliza lini wataanza kufanya mitihani ya miaka iliyopita.

Siku moja mwalimu alichora ng'ombe ubaoni, anayetazama mbele, akapitisha mstari wa vidoti kutoka katikati ya pembe hadi chini. Akasema huyu ana mstari mmoja wa ulinganifu. Darasa zima likaitikia, isipokuwa msichana mmoja wa familia ya wafugaji, aliyekuwa akitembea saa nzima kuja shule. Alinyoosha kidole akasema, "Mwalimu, ng'ombe huyo hayupo." Wenzake wakacheka. Mwalimu akamuuliza hayupo vipi. Akajibu, "Kwetu ng'ombe lazima umjue mara mbili. Ukimjua upande wa kushoto tu, akigeuka utasema ni wa jirani." Mwalimu alishusha chaki, akalitoa darasa lote nje hadi mtoni, mahali mifugo hunyweshwa, wakakagua ng'ombe mmoja baada ya mwingine, mabaka kwa mabaka, wakiwazunguka kwa woga. Hawakumpata hata mmoja aliyelingana.

Jioni ile alikuja kwangu anacheka peke yake. Alikunywa chai yangu vikombe vitatu. "Mwandishi, miaka yote hii nafundisha ng'ombe wa uongo," alisema. "Leo mtoto kanifundisha kutazama." Tangu hapo alimpa msichana yule kazi zake za pembeni: achore ng'ombe pande zote mbili, amzungushe robo mzunguko, amsogeze, aeleze kwa maneno yake kilichobadilika na kisichobadilika. Alinionyesha daftari lake. Mimi si mtu wa hesabu, lakini niliona kwamba mtoto yule anaona vitu ambavyo wangu haoni, na sikupenda sana kuviona. Neno nililopata kusema lilikuwa moja tu: "Hodari." Nikalifunga daftari.

Habari ya msichana yule ilikuwa hivi. Baba yake alikuwa anajiandaa kuhama na mifugo kwenda kusini, kwa kuwa malisho yalikuwa yamebana na ugomvi na sisi wakulima ulikuwa haukauki. Mchumba wa binti alikuwa ameshapatikana. Mwalimu alikwenda bomani kwao mara nne, mara ya nne akatoka na neno la mzee: mtoto atamaliza darasa la saba, na akifaulu atabaki kwa shangazi yake aendelee na sekondari. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mzee alisema na mwalimu, wakapeana mkono, basi. Mwalimu alilichukulia jambo hilo kwa uzito kuliko mkataba wowote, na mzee vilevile.

Kisha yakatoka matokeo ya majaribio ya wilaya, na shule yetu ikawa karibu na mkia. Wazazi tukapandwa na hasira. Ikaitishwa kamati ya shule, na mimi nilikuwa mjumbe. Siku moja kabla ya kikao mwalimu alinijia shambani, nikiwa napalilia. Hakutaka hata kukaa. Alisema anajua tunataka kumpa darasa mwalimu mwingine, yule kijana hodari wa kukaririsha majibu, na hakatai kwamba kijana yule atapandisha alama. "Nakuomba wiki sita tu, Mwandishi. Mpaka mtihani. Mitihani iliyopita nitawafanyisha mchana baada ya vipindi, nitakesha nayo ikibidi. Lakini msinitoe. Yule mzee amenipa neno mimi. Hakuipa shule. Nikitoka mimi, mtoto ametoka." Nilimwelewa kabisa. Hapa sina pa kujificha: hakuna neno hata moja alilosema ambalo sikulielewa. Nilimjibu, "Nitaangalia, mwalimu," nikarudi kwenye jembe langu.

Kikaoni mwenyekiti alituambia shule ni taasisi, haimtegemei mtu mmoja, mwalimu akitoka mwingine anaingia na kazi inaendelea. Maneno mazuri, na nadhani hata mimi niliwahi kuyaandika kwenye safu hii kuhusu jambo jingine. Nilifikiri kumsimulia habari ya mzee na neno lake. Nikafikiri pia kuhusu binti yangu, na mock yake, ule mtihani wa majaribio, na ada ya shule binafsi ambayo sikuwa nayo kama angekosa nafasi. Mwenyekiti akasema wanaoafiki wanyooshe mikono. Nilinyoosha wangu, tena si wa mwisho.

Mwalimu mpya alifanya kazi aliyoitwa kuifanya. Msichana alipouliza kwa nini jibu ni B, aliambiwa asiwapotezee wenzake muda. Baada ya siku chache baba yake akapata habari kwamba aliyepeana naye mkono hayupo tena darasani, na kwake yeye hapo makubaliano yalikuwa yamekwisha. Hakumkosea mtu, sisi ndio tuliomfungua katika neno lake. Mtihani ulipofika, kiti chake kilikuwa kitupu. Binti yangu alifaulu vizuri. Shule ilipongezwa, tukachinja mbuzi, nikala. Mwalimu wetu alihamishiwa Mikumi, akapewa darasa la kwanza, akawa anawafundisha watoto kushika kalamu hadi alipostaafu.

Nilionana naye mara moja tu baada ya hapo. Nilikuwa safarini kwenda Iringa, basi likasimama Mikumi abiria tule, akanikuta nimeinamia sahani ya chipsi. Tulisalimiana vizuri, akaniuliza mtoto wangu yuko kidato gani, akamshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilimuuliza kama aliwahi kusikia habari za yule msichana. Akasema aliomba ruhusa ya siku mbili akaenda bomani, akakuta mazizi matupu na jivu. Aliwauliza wenye malori, aliuliza minadani, mpaka Lumuma alifika, hakupata. Kisha akaniuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Siku ile, Mwandishi, wewe ulinyoosha mkono?" Nikasema sikumbuki. Akatabasamu. "Mwalimu mkuu alinionyesha muhtasari wa kikao. Mlinyoosha wote." Dereva akapiga honi, nikamwambia tutaonana. Alinipungia mkono hadi basi likaondoka.

Jioni ya maziko nilimpigia simu binti yangu kumpa habari. Naye siku hizi ni mwalimu wa hesabu, shule ya msingi, mbali na hapa. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nilipomweleza, akasema masikini mwalimu, alikuwa mtu mwema. Nikamuuliza, bila kujua kwa nini, ile mada ya ulinganifu yeye anaifundishaje. "Baba, ile tunaipitia tu," alisema. "Tumewekewa malengo, na mkuu wetu anakagua kila wiki. Nikikaa nayo wiki tatu wazazi watanitoa." Hakusema kwa uchungu wala kunisuta. Hajui kilichotokea kwenye kikao, sijawahi kumwambia. Nilimtakia kazi njema, nikakata simu, nikakaa pale pale barazani nimeishika.

Wapo watakaoniandikia kwamba kura moja isingebadili kitu, kwamba hata mwalimu angebaki huenda msichana angefeli, au mzee angevunja neno. Inawezekana. Mimi mwenyewe nimejiambia hivyo kwa miaka, na haijanisaidia. Msichana yule leo ni mama wa watoto mahali fulani, kama yu hai, na hakuna barua ninayoweza kumwandikia. Mwalimu yuko chini ya udongo wa Mabwerebwere na sifa ya uongo iliyosomwa juu yake. Fundisho nililobaki nalo ni dogo na limechelewa: mtu akikuomba jambo kwa ajili ya mtoto wa mwenzako, mjibu siku hiyo hiyo, usoni pake, ndiyo au hapana. Ningemwambia hapana pale shambani, angekuwa na siku nzima ya kumtafuta mjumbe mwingine. Mimi nilimwambia nitaangalia, akaniamini, akaenda nyumbani kulala.