Kibuyu Kilikuwa na Maji

Nimecheza sinema moja tu maishani mwangu, na ndani yake mimi ndiye mwanamke mbaya. Nilisoma miaka miwili tu, lakini kwa haya ninayotaka kuandika miaka miwili inatosha. Majina sitayataja, maana watoto wao wako hai na hawakunikosea kitu. Wakosaji wenyewe nitawaonyesha kwa kazi zao, na hapa Gisenyi hakuna atakayeuliza nani ni nani.

Naanza na Mbelgiji wa sinema, kwa sababu yeye hatasoma. Alikuja na lori na mashine yake, akasema anataka wanawake wawili marafiki, marafiki wa kweli. Mtaa wetu mzima wa Waislamu ukatunyooshea vidole mimi na shoga yangu. Mimi nilikuwa binti wa fundi cherehani. Yeye alikuwa Mkristo, binti wa wavuvi wa Nyamyumba, na kila asubuhi alikuja kwa miguu na kikapu cha samaki kichwani. Akimaliza kuuza, alikaa kwetu barazani akinisaidia kushona vifungo. Tulinunua doti moja ya kanga tukaikata katikati, kipande changu na kipande chake. Mama alipomwona mmoja wetu peke yake alikuwa anauliza, "Kipande cha pili kiko wapi?"

Hadithi ya sinema ilikuwa hivi. Majirani wawili wanapendana. Mmoja anachemsha maji na kupeleka mtoto wake dispensari. Mwingine anashinda penye pombe, mtoto wake anaugua, anakufa. Mwishoni yule mwema anamshika yule mbaya mkono na kumsamehe. Ndivyo Mbelgiji alivyouona urafiki wa wanawake: mmoja awe takataka ili mwenzake ang'ae. Nimesikia sinema za siku hizi nazo ni vilevile, ila nguo zimekuwa fupi.

Asubuhi ya kwanza Mbelgiji alitutazama kama mtu anayechagua mbuzi, akanyoosha kidole mara mbili. Karani wake, Mnyarwanda mwenye kalamu mbili mfukoni, akatafsiri.

"Bon. Ule wa samaki ndiye mubaya. We, mutoto wa fundi, ndiye muzuri."

Shoga yangu akanivuta nyuma ya lori. Machozi yalikuwa tayari.

"Shoga, mi nimekufa! Unajua muchumba wangu ni mwalimu kule Nyundo. Akiniona na murija wa pombe mu kinywa, ndoa imeisha. We hauna muchumba bado. Tubadilishane."

"Na baba yangu? Ni Islamu, umesahau? Mi ninywe pombe mbele ya watu?"

"Pombe ya wapi, dada? Tutaweka maji! Mi mwenyewe nitajaza kibuyu mu ziwa, mi mwenyewe. Na mutu akiuliza, nitamwambia: mi ndiye nilijaza, ni maji. Nakuapia kwa mama yangu."

Nikakubali. Karani alisikia yote, akacheka, akamweleza Mbelgiji kwamba tumebadilishana. Mbelgiji akasema kwake ni mamoja. Shoga yangu akashuka ziwani na kibuyu, akarudi nacho kinamwagika, akaniwekea mrija kwa mkono wake. Kwa siku tatu nilikunywa maji ya ziwa hadi tumbo likanguruma. Nilipepesuka, nilicheka ovyo. Mtoto wangu aliyekufa alikuwa viazi vitamu vilivyofungwa kwenye kitambaa, na jioni ya mwisho tulivipika tukavila, tukicheka kwamba tumekula marehemu. Kanga safi aliyovaa mwanamke mwema ilikuwa kipande changu. Chake kilikuwa kinanuka samaki.

Sinema ilirudi baada ya mavuno mawili ya maharage. Kufikia hapo shoga yangu alikwisha kuolewa na mwalimu wake. Mimi nami nilikuwa nimeposwa na dereva wa lori wa Goma, kijana niliyempenda. Nasema wazi, nilimpenda. Mama yake alivuka mpaka kuja kutusalimu siku ileile ya sinema, na mama yangu kwa furaha akasema, "Twende ukamwone mkweo kwenye nguo nyeupe ya sinema!" Maana nyumbani walijua niko ndani ya sinema. Niko upande gani, sikuwaambia. Hilo ni kosa langu na ninalibeba.

Walionyesha katika ghala la kahawa, saa kumi alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mama mkwe alipewa kiti cha mbele. Sinema haikuwa na maneno. Maneno alitia karani, amesimama kando ya ile nguo nyeupe na bomba lake la sauti. Karani huyo ndiye mkosaji wa pili. Alijua kila kitu, na angeweza kusema "mwanamke mmoja". Lakini nilipotokea na kibuyu, watu walicheka, na kicheko ni pombe, kinamlevya anayechekesha.

"Muangalie!" akapiga kelele. "Mutoto wa fundi cherehani! Asubuhi musikitini, muchana mu kibuyu! Shona, mama, shona, lakini sindano unaiona mbili!"

Ghala lilitaka kupasuka. Nilitazama kisogo cha mama mkwe. Hakikutikisika. Nilipozika viazi vyangu, mwanamke mmoja nyuma yangu alilia kweli, kisha akanitemea mate begani.

Nje, mama mkwe aliniuliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha.

"Mule mu kibuyu mulikuwa nini?"

"Maji, mama."

"Nani alijaza?"

"Shoga yangu. Yule mwingine wa kwenye sinema."

"Bon. Kesho tutaenda kumuuliza. Mi sihukumu mutu kwa kitambaa cheupe."

Alikuwa mwanamke wa haki. Mpaka leo simtaji kati ya wakosaji.

Kesho yake tulipanda Nyundo, yeye, mama yangu na mimi. Njiani sikuwa na hofu hata kidogo. Nilikuwa nikifikiri nitakavyomtania shoga yangu kwa kunenepa. Tulimkuta kwenye nyumba ya bati, ana pazia dirishani. Mumewe alisimama mlangoni, mikono nyuma, kama yuko mbele ya darasa. Mama mkwe hakuzunguka.

"Binti, mulipocheza sinema, mu kibuyu cha huyu kulikuwa maji au pombe?"

Shoga yangu alimtazama mumewe, kisha akatazama chini. Nilijua anachopiga hesabu. Akisema "mi ndiye nilijaza," ataulizwa kwa nini, na jibu lake ni kwamba kibuyu kilikuwa chake kwanza.

"Mama," akasema, "mi sikumbuki. Siku ile vibuyu vilikuwa vingi."

Kibuyu kilikuwa kimoja.

Wiki ile ile walikuja wazee wawili kuvunja posa, wakakataa hata chai. Baba yangu alikaa miezi bila kuniita kwa jina. Watoto njiani walikuwa wananiigiza, wanapepesuka. Mwishowe nilipewa mzee muuza chumvi, niwe mke wa tatu. Nikamuuguza, nikamzika, na niko hai. Wanasema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Aliyefaliwa anaitwaje, methali haisemi.

Mwaka jana alikuja. Mjane sasa, miguu imevimba, kikapu mkononi. Akakaa barazani palepale pa vifungo.

"Yewe, shoga! Unakumbuka sinema yetu? Tulikuwa wazuri sana! Sinema ya urafiki kama ile hawafanyi tena."

Nilikuwa nimemngoja miaka zaidi ya ishirini, na maneno yangu yalikuwa tayari.

"Nakumbuka," nikasema. "Nani alijaza kibuyu?"

Akacheka, akanipiga paja kama zamani. "Kibuyu? Ah, we! Si ulikuwa unapenda kunywa siku zile? Ni ujana, dada. Mungu amesamehe."

Nilimtazama macho nitafute uongo, nisiuone. Siku ile Nyundo alidanganya, najua. Lakini uongo wake ameukalia muda mrefu mno, umeota mizizi umekuwa kumbukumbu. Hata yeye ameiamini sinema. Karani alikwisha kufa, na aliyejua ukweli pamoja nami amebaki huyo tu.

Akasema njia imemkausha koo, anaomba maji. Nikaingia ndani nikamletea katika kikombe.

Aliyanusa kwanza, ndipo akanywa.