Jumatatu ya Maziko ya Bibi

Bibi yetu alifariki Jumapili jioni, kule Chanika. Nilipopigiwa simu, kabla hata machozi hayajanitoka, niliwaza: kesho ni Jumatatu.

Kila Jumatatu kaka yangu alitakiwa kuripoti kwa afisa wa uangalizi, Temeke, na kutia saini daftarini. Alifungwa kwa kununua simu ya wizi. Huko ndani walilala kwa ubavu, wamebanana kiasi kwamba akigeuka mmoja, safu nzima inageuka. Gereza likafurika, wenye makosa madogo wakatolewa wamalizie adhabu nje. Masharti: asikose Jumatatu hata moja, asitoke wilayani bila kibali. Alishakosa moja, kwa homa. Afisa akamwambia akikosa tena anarudi ndani, miezi minane iliyobaki.

Saa mbili asubuhi tulikuwa kwenye benchi, nje ya mlango uliofungwa. Mlinzi alisema afisa kaitwa mahakamani.

Maziko yalipangwa baada ya adhuhuri. Kwetu mwanamke hupokewa kaburini na maharimu wake, ndugu wa kiume wasioruhusiwa kumwoa, na bibi hakuwa na mtoto wa kiume aliye hai, wala kaka. Katika ukoo wote alibaki kaka yangu, mjukuu wake pekee wa kiume.

Saa tatu ikapita. Saa nne. Benchi lilijaa, waliochelewa wakachuchumaa ukutani. Mama mmoja muuza mihogo alikuwa na mwaka mzima wa kuripoti kwa sababu alimmwagia jirani maji machafu.

"Na jirani mwenyewe tushapatana," alisema. "Jana kaja kuazima mbuzi yangu ya nazi. Mie ndo bado mhalifu."

Watu walicheka. Kaka hakucheka. Alikuwa akiangalia saa ya simu yake.

Saa tano akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Nenda," nikamwambia. "Sie wanawake hatuendi makaburini. Mie nitabaki hapa, nitamweleza."

"Ukimweleza, wananirudisha."

"Na usipoenda, bibi atapokewa na nani?"

Alinikabidhi kadi yake ya kuripotia, imelowa jasho, akatoka akikimbia.

Afisa alifika saa saba kasoro, kwapani kabeba mafaili, shati limemganda mgongoni. Akafungua mlango, tukajipenyeza ndani, akaanza kuita majina. Lilipofika la kaka, kabla sijafungua mdomo, mama wa mihogo alidakia:

"Yuko chooni, baba!"

"Tangu saa ngapi?"

"Tumbo, baba. Linamwendesha vibaya."

"Basi tumngoje," afisa akasema, akaweka kalamu mezani.

Tukangoja. Mle ndani niliisikia feni. Chanika, sasa hivi, walikuwa wakiliinua jeneza. Mama wa mihogo alinibana paja, kama kunisihi nivumilie. Nilishindwa.

"Shikamoo, baba. Mie mdogo wake. Amekwenda Chanika kumzika bibi yetu."

"Kibali kiko wapi?"

"Kibali kinaombwa siku saba kabla, baba. Bibi amefariki jana."

Alijifuta uso kwa kiganja. Akanionyesha mafaili yaliyopangwa mpaka dirishani.

"Unayaona haya? Yote yangu, peke yangu. Nikimruka mmoja, naulizwa mie." Akasema taratibu, "Poleni na msiba." Kisha akaandika, kwa herufi kubwa: HAKUFIKA. Akanipa wito wa mahakama, Alhamisi.

Alhamisi kaka alisimama mbele ya hakimu amevaa kanzu aliyozikia. Hakimu aliisoma barua ya msiba kutoka serikali ya mtaa, akairudia, kisha akavua miwani.

"Gereza limejaa. Sitakurudisha," alisema. "Nakuongezea mwaka mmoja wa uangalizi. Na sasa utaripoti Jumatatu na Alhamisi."

"Ahsante, mheshimiwa," kaka akasema. Akarudia, "Ahsante sana."

Nje, simu iliita mfukoni mwake. Aliyepiga alikuwa mwenye gereji ya Chang'ombe, bosi wa kaka, mtu aliyekubali kwa shida kaka akosekane kazini siku moja tu kwa wiki, Jumatatu. Kaka aliitazama simu ikiita, kidole juu ya kioo, mpaka ikakata. Kisha ikaanza kuita tena.