Mwethya wa Majibu

Wanza wa Muthetheni alikuwa mwaka wa nne wa sosiolojia katika chuo kikuu cha umma mjini Machakos, na bado hakuna mtu nyumbani aliyeelewa anasomea nini. Mama yake, Kalekye, alikuwa amechoka kuulizwa kanisani. Mwanzoni alijibu kwamba mtoto anasomea watu. Wakauliza kama ni udaktari. Akasema hapana, anasomea wale wasio wagonjwa. Siku hizi husema tu "masomo ya juu" na kubadilisha mazungumzo.

Kilichobaki ili Wanza avae joho ni utafiti mmoja. Mada yake ilikuwa na jina la mistari mitatu, lakini kwa ufupi ilikuwa hii: kwa nini wanawake hujitoa katika mwethya. Mwethya ni kikundi cha kusaidiana kazi. Leo mnachimba matuta kwangu, wiki ijayo kwako, ili mvua ikinyesha udongo usihamie kwa jirani. Kila boma hutoa watu wawili. Asiyekuja hutozwa kuku, na asiyekuwa na sababu husemwa, na heri kuku. Wanza alikulia ndani ya mambo hayo, akaona kazi itakuwa nyepesi. Mdharau mwiba mguu huota tende.

Alipofika nyumbani na hojaji zake, alimwambia mama yake kwamba kazi ni nyingi. Huko kwao mtu hasemi kazi ni nyingi bure tu; akisema, anaomba msaada. Alhamisi, wanawake wakiwa shambani, Mama Musili, mwenyekiti wa kikundi, akasimamisha majembe.

"Mtoto wetu amepewa shamba kubwa na hao walimu," alisema. "Hatuwezi kumuacha alime peke yake."

Basi wakamlimia. Waliketi kwenye ukingo wa mtaro na nakala ya hojaji aliyoileta Kalekye, wakapitia maswali yote, wakakubaliana jibu la kila moja, na mwenye maoni yake akaombwa ayaweke moyoni. Wanza hakujua. Yeye alizunguka boma hadi boma, akinyweshwa chai, akifurahia jinsi watu walivyojibu bila kusita. Kila alipouliza ni kwa nini mtu angejitoa, aliambiwa hakuna sababu, mwethya ni nguvu ya mama. Darasani walifundishwa kwamba majibu yakianza kujirudia, utafiti umeshiba. Wake ulishiba kwenye boma la pili.

Daktari Musau, mhadhiri aliyemsimamia, alizisoma hojaji hizo bila kubadilika uso.

"Hizi umejijazia," alisema. "Kwa hosteli."

"Nilienda, Daktari."

"Ulienda ukajaza. Wanawake wote hawa wako na mdomo mmoja? Rudi uniletee maneno ya watu. La sivyo, jina lako halipelekwi kwa graduesheni."

Wanza alirudi Muthetheni akiwa na hasira ya kuitwa mwongo, na alipoambiwa kilichotokea kule mtaroni, hasira ikaongezeka. Aliwaeleza wanawake kwamba wamemharibia. Walimsikiliza kwa masikitiko, kama watu walioambiwa kwamba msaada wao umeua ng'ombe.

"Kwa hivyo huyo mwalimu anataka tukosane," Mama Musili alisema.

"Anataka kila mtu aseme yake."

"Hiyo si ngumu. Tutagawana."

Akagawa papo hapo. Huyu aseme mgongo unamuuma. Yule aseme bwana yake amekataa. Aliyeokoka aseme kikundi kina umbea mwingi.

"Hiyo ni kweli," yule aliyeokoka akasema.

"Sema ulichopewa. Usiongeze. Mama Wanza, wewe utasema umechoka."

Wanza alijua si sawa, tena alijua vizuri, kwa kuwa somo la maadili ya utafiti alilipita kwa alama ya juu. Lakini alitaka kumaliza chuo. Akazunguka tena boma hadi boma, akaandika kila mtu fungu lake.

Mama yake alikuwa wa mwisho. Alimkuta jikoni akipukuchua mbaazi.

"Umewahi kufikiria kujitoa katika mwethya?" Wanza alisoma.

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nimechoka. Hii boma inatoa watu wawili. Baba yako alipoaga tukabaki mimi na wewe, halafu ukaenda chuo. Nachimba yangu, nikimaliza nachimba yako. Wenzangu wakikaa chini kula, mimi bado niko ndani ya mtaro. Nilitaka kuwaambia nitoke. Nikaogopa wataona kukusomesha kumenishinda."

Wanza aliacha kuandika. "Mwaitu," alimwita mama yake, "hiyo ndiyo ulipewa useme?"

"Nilipewa niseme nimechoka," Kalekye alisema, mikono ikiendelea na mbaazi. "Hiyo ingine nimeongeza."

Wanza akaandika yote. Miaka hiyo yote alikuwa amesoma kuhusu mzigo wa kazi wa mwanamke wa kijijini, na mtihani wake aliujibu vizuri sana. Sasa aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Safari hii Daktari Musau alifurahi. Aliweka alama ya vyema kwenye mgongo, kwenye bwana aliyekataa, na kwenye umbea alicheka kidogo. Alipofikia ya mwisho kalamu ikasimama.

"Hii imezidi," alisema. "Hakuna mama anaweza kuambia mtafiti vitu kama hivi. Hii umetunga. Itoe, hizo zingine ziko sawa. Uende uchapishe."

Asante Daktari, ndilo neno pekee lililohitajika. Wanza alilitafuta, na lilikuwepo, lakini hakulisema.

"Daktari, hiyo ndiyo ya ukweli," alisema. "Huyo ni mama yangu. Hizo zingine waligawana."

Daktari Musau aliifunika kalamu yake. "Unajua maana ya hiyo maneno?"

"Nianze upya."

"Na graduesheni ni mwaka ujao."

"Ndiyo."

Alizisukuma hojaji zote kando, akamrudishia ile moja. "Anza na hii," alisema, akamwita mwanafunzi aliyekuwa akisubiri mlangoni.

Wanza alimpigia mama yake simu akiwa nje ya ofisi hiyo, kabla ujasiri haujamtoka.

"Mwaitu, sitamaliza mwaka huu."

Kwa nyuma kuku walisikika.

"Wamekukataa?"

"Nimekataa mwenyewe. Nitakueleza."

"Sasa hauna masomo?"

"Sina. Nitaanza tena muhula ujao."

"Basi Alhamisi tuko kwa Mama Musili," mama yake alisema. "Uje uchimbe yako. Na mimi nikae chini nile."