Dhambi za Kuazima Darasani kwa Shangazi

Shangazi yangu anafundisha darasa la pili kwenye shule ya masista hapa mtaani, ile yenye sanamu ya Bikira Maria ambayo mipira yote inapotelea nyuma yake. Tunamwita Kengele. Akisema "kaa chini!" darasani, mbwa wa nyumba ya pili nao wanakaa.

Kitu anachokipenda kuliko hata mume wake ni kuandaa watoto wa komunyo ya kwanza. Ila Sista Mkuu alishamwonya: "Mwalimu, wazazi wakilalamika tena, hao watoto nampa mwalimu wa hesabu." Yule anayesali kama anakutajia namba ya simu!

Basi ikafika siku ya mazoezi ya kuungama. Shangazi kakaa nyuma ya pazia, eti yeye ndiye padri. Watoto foleni. Sasa mtoto mdogo vile ana dhambi gani? Wakabaki wanatafuna kola. Shangazi, kwa huruma zake, akasema, "Haya, kama huna yako, azima yoyote uliyoiona nyumbani."

Mungu wangu.

"Padri, nimemwambia bosi naumwa, kumbe nipo sebuleni naangalia mpira."

"Padri, nimemwita mama mkwe mchawi."

"Padri, nimetupa takataka zetu kwa jirani wa geti la kijani."

Na ilikuwa saa ya kuchukua watoto! Wazazi wamejaa dirishani, jirani wa geti la kijani mwenyewe katikati yao.

"Kumbe ni wewe, shemeji!"

"Aa, mtoto huyo anaota tu!"

"Anaota na maganda ya ndizi?"

Sista Mkuu akaja mbio, shela inapepea. Wazazi wote kwa pamoja: huyu mwalimu atolewe! Sista akasema, "Jumatatu nitaamua."

Jumamosi sasa! Foleni ya kuungama imetoka kanisani mpaka kwenye maegesho, wazazi walewale, wamenuna, kila mtu anaangalia viatu vyake. Paroko, ambaye Jumamosi huwa anasinzia tu mle ndani, alitoka jasho linamtiririka, moja kwa moja kwa Sista Mkuu.

"Sista, mahubiri yangu hayajawahi kuleta hata nusu ya hawa. Huyo mama asiguswe."

Basi kabaki na watoto wake. Sharti moja tu: siku ya mazoezi, madirisha yafungwe.

Shangazi kaitikia kwa adabu zote. Ila anasema darasa lile lina joto sana, dirisha moja itabidi libaki wazi kidogo.