Bateria Chini ya Kitanda cha Mkwe

Tuliporudi Palma, baada ya kukimbia vita na kukaa ukimbizini muda mrefu, nilijitengenezea baiskeli ya umeme. Nafundisha shule ya msingi, shule yenyewe iko mbali na nyumbani, na petroli ilikuwa haipatikani kila siku. Mota nilimwagiza mfanyabiashara mmoja anayevuka mpaka kwenda Mtwara. Bateria niliiunda mwenyewe kwa seli nilizozitoa kwenye kompyuta mbovu. Nilizipanga mafungu mafungu, nikazifunga ndani ya boksi la plastiki, na humo nikaweka plaka ya ulinzi, kipande chembamba cha saketi kinacholinda kila fungu: likijaa kinazuia chaji, likikauka kinakata umeme. Nilijiona fundi. Kila aliyenisimamisha njiani kuuliza nilimweleza kwa kirefu, hata kama ana haraka.

Kisha mama mkwe alikuja kutoka kijijini kwake, Mute, kutibiwa goti. Soketi nzima tulikuwa nayo chumba kimoja tu, cha watoto, na humo ndimo tulimomwekea kitanda, alale pamoja nao. Bateria niliendelea kuichajia humo humo, uvunguni, maana uani niliogopa wezi.

Asubuhi moja aliniambia, "Baba, lile dude lako linapumua."

"Ni feni ya chaja tu, mama. Halina neno."



Siku ya kwenda hospitali mke wangu alitaka kuita pikipiki ya abiria. Mimi nikang'ang'ania nimpeleke mwenyewe. Nilimfungia mto kwenye kiti cha nyuma, akakaa upande, kanga ameishika vizuri, tukaondoka kimya kimya bila moshi. Watu waligeuka kututazama na mimi nikanyoosha mgongo. Tulipofika katikati ya kilima cha kupandia mjini, mota ikakata ghafla, na taa ya kipimo ilikuwa inaonyesha bateria bado nusu. Nikasubiri kidogo, ikarudi, ikatuvuta hatua chache, ikakata tena.

Nilijaribu kukanyaga pedeli nikashindwa. Mama akashuka. Nikaanza kusukuma lile baiskeli zito, jasho linanitiririka, na baada ya kitambo nikahisi limekuwa jepesi. Nikageuka. Mama mkwe, na goti lake bovu, alikuwa ameweka mikono kwenye kiti cha nyuma, ananisaidia kusukuma.

"Acha, mama, tafadhali."

"Twende tu, baba. Jua linapanda."

Kwetu mkwe ni mtu wa kuinamishiwa macho. Hata chakula sikai naye sinia moja. Na pale kilimani, kwenye kibanda cha fundi simu, vijana walikuwa wamejaa.

"Mwalimu," fundi akaita, "siku hizi unasukumwa na mkweo?"

Wakacheka. Masikio yaliniwaka. Mama aliwasalimia kwa upole kama hakusikia, na hilo likaniumiza kuliko kicheko chao.

Tulipokuwa tunarudi kutoka hospitali, fundi alinivuta pembeni akanipa ushauri. "Iruke hiyo plaka. Ndiyo inayokukatia. Unganisha waya moja kwa moja, utapanda mlima wowote."

Nilikubali. Kwa aibu niliyokuwa nayo ningekubali lolote. Mchana ule ule nilikaa uani, nikafungua boksi, koleo mkononi, tayari kuitoa plaka. Harufu ndiyo iliyonizuia, harufu tamu kama ya rangi ya kucha. Fungu moja lilikuwa limelowa. Seli yake ya mwisho ilikuwa na kutu kichwani, na plastiki iliyoizunguka imegeuka kahawia, imejikunja. Nikapima. Mafungu mengine yalikuwa mazima, lile moja lilikuwa karibu kukauka umeme. Kwenye tambarare lilijikongoja na wenzake. Kwenye kilima, mota ilipovuta kwa nguvu, lilizidiwa, na plaka ikakata ili lisije likapata moto. Nilikuwa nataka kukiondoa kitu pekee mle ndani kilichokuwa kinafanya kazi sawasawa.

Mama alikuwa kwenye mkeka barazani, ananitazama.

"Kimeungua hicho?"

"Kimeanza, mama."

"Na tulipolala kilikuwa wapi?"

Alijua kilipokuwa. Alitaka niseme mwenyewe.

"Uvunguni kwako, mama."

Alilipapasa goti lake. "Mimi nyumba yangu nimeiona ikiwaka," alisema. "Nilikuwa nimejificha kwenye mihogo, naliangalia paa mpaka likaanguka. Ungeniambia kitu hiki kinawaka, ningewatoa watoto tukalala nje tangu siku ya kwanza."

Hakupandisha sauti.  Jioni alihamisha mkeka wake na wa watoto, akaitandika barazani, na hapo ndipo walipolala mpaka alipoondoka.

Boksi sikulirudisha ndani. Nilijenga kijumba cha matofali ya saruji uani, mbali na ukuta na makuti, nikaweka ndoo ya mchanga pembeni. Lile fungu bovu nililitoa, na seli mpya zilipofika nilizipima moja moja kabla ya kuziunga. Niliongeza fyuzi kwenye waya mkuu na kihisi cha joto katikati ya seli, nikapunguza nguvu ambayo mota inaruhusiwa kuvuta. Sasa nachaji mchana, nikiwa nyumbani, na sitoki mpaka nimechomoa. Inakwenda vizuri.

Mama alishaondoka kwa chapa, basi dogo la abiria, kabla sijamaliza. Nilimpakilia mizigo yake, akaniombea dua, akaniita baba kama siku zote.

Baada ya wiki hivi nilimwambia mke wangu yote, kwa sababu nilidhani mama ameshamwambia na yeye ananingoja. Alinitazama kwa mshangao.

"Mama aliniambia wanalala nje kwa sababu ya joto," alisema. "Akasema chumba kile hakina hewa, usimsumbue mumeo."

Nikatazama chini.  Mke wangu aliingia chumba cha watoto, akainua godoro, akapiga magoti na kuchungulia uvunguni, akapitisha kiganja sakafuni pole pole mpaka pembeni, kama anayetafuta alama ya moto. Mimi nilibaki mlangoni, sijui niingie au niondoke.