Uji wa Matanga

Juzi mwanangu alinionyesha jambo alilofundishwa shuleni. Alitia chumvi kwenye uji wa muhogo uliopoa, kisha tone la javeli, ile dawa ya klorini ya kufulia nguo. Uji ukageuka buluu. Yeye akacheka. Mimi nilirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

Nilikuwa mdogo, na mjomba alikuwa amekufa kwa kipindupindu hapa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika. Alasiri ile ua wa matanga ulinuka mawese na ndagala, wale dagaa wa ziwani, na juu ya yote ile klorini iliyotiwa kwenye madumu ya maji ya ziwa. Mjane wake, Mama Zena, alituletea uji wa muhogo wa chumvi, maana sukari haikuwepo. Ulikuwa mweupe, wa moto. Tukangoja upoe. Kadiri ulivyopoa ndivyo ulivyogeuka buluu, polepole, bakuli hadi bakuli, rangi ileile ya kucha za mjomba alipokata roho. Nikajua amerudi, yumo ndani ya uji.

"Ni nani alipika hii?" bibi aliuliza.

"Ni miye, mama."

Mama Zena akachukua bakuli langu, akanywa lote huku akitutazama. Midomo yake ikabaki buluu. Niliamini anammeza mumewe ili asitufikie sisi.

Sasa najua ilikuwa klorini tu, iliyoitoa iodini kwenye chumvi, nayo iodini ikakutana na wanga wa muhogo. Mama Zena hakuna aliyemwambia. Mpaka anakufa aliitwa mchawi, na hakuna aliyepokea tena hata maji ya kunywa mkononi mwake.